Seva ya kwanza ya nyumbani: ninunue mashine ipi?

Assalaam alaykum Fundi,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba, na nasomesha Jiografia. Kompyuta naitumia kila siku kwa kuandaa mitihani na kujaza alama, lakini ya ndani yake siyajui. Naomba unisaidie kuchagua, kwa sababu kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, na majibu yenyewe hayapatani.

Marehemu baba yetu alikuwa akisomesha darsa msikitini baina ya Magharibi na Isha kwa miaka mingi, na wanafunzi wake walikuwa wakimrekodi kwa kaseti. Kaseti hizo tumezihamishia kwenye kompyuta, na pamoja nazo tumekusanya picha za ukoo, video za harusi na maandalio yangu ya masomo. Jumla yake ni kama gigabaiti 400, na zote zimo katika diski moja ya nje ya USB ambayo sisi ndugu watano tunapokezana nyumba kwa nyumba. Siku hizi diski hiyo imeanza kutoa mlio wa tik-tik ikichomekwa, na mara nyengine haionekani kwenye kompyuta mpaka uichomoe na kuichomeka upya.

Ninachotaka ni sote tuzipate darsa na picha kwenye simu zetu bila ya kupokezana diski, na watoto wa mtaani wanaokuja kusoma barazani kwangu jioni wapate video za masomo bila ya kununua bando. Nimeambiwa dawa yake ni seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayowaka daima na kuwagawia wengine mafaili, na hapo ndipo nilipopotea.

Mtoto wa kaka yangu, aliyeko Unguja, ameona seva ya kabati inayouzwa na hoteli moja inayobadilisha vifaa vyake. Ina prosesa mbili za Xeon, RAM ya gigabaiti 64 na diski sita, na bei yake ni laki tatu na nusu tu. Anasema sitapata tena mashine ya nguvu kama ile kwa bei hiyo, na ameshaulizia mpaka nauli ya mzigo kwenye boti. Shemegi yangu anasema ninunue Raspberry Pi, ile kompyuta ya ubao mmoja mdogo, kwa kuwa inaenea kiganjani na haili umeme. Mwenye duka la kompyuta ananishauri nichukue kisanduku cha kuhifadhia data chenye nafasi mbili za diski, kwani ati diski mbili ndiyo usalama. Na mimi mwenyewe ninayo kompyuta mpakato ya zamani iliyovunjika kioo, najiuliza kwa nini nisiitumie hiyo hiyo.

Nimejiwekea shilingi laki tisa na sitarajii kuongeza. Umeme tunanunua kwa yuniti, hukatika na kurudi, na mara nyengine taa hufifia kwanza kabla ya kuzimika. Intaneti yetu ni ya ruta ya laini ya simu, na nyumba iko karibu na bahari. Nichukue ipi?

Mwalimu wa Jiografia, Wete

*

Waalaykum salaam Mwalimu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Kabla hatujafika kwenye seva, naomba diski hiyo inayolia uichomoe na usiichomeke tena mpaka uwe na diski nyengine mpya mkononi ya kuhamishia vilivyomo. Mlio wa tik-tik katika diski ya sahani mara nyingi ni dalili ya kichwa cha kusomea kinachotafuta pahala pake na kukikosa, na kila ikiwashwa inazidi kujimaliza. Siku ya kuhamisha anza na darsa, zifuatie picha za wazee, kisha ndiyo vyengine. Video za harusi pengine zimo pia mikononi mwa wageni na wapigapicha, lakini darsa zile hazipo pahala pengine popote isipokuwa kwenye kaseti, na utepe wa kaseti nao huchakaa kwa joto na unyevu. Faili likigoma, liruke, uendelee na mengine, halafu ulirudie mwisho. Kazi hii isingojee seva.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Mtoto wa kaka yako anaangalia nguvu, shemegi anaangalia udogo na umeme, mwenye duka anaangalia idadi ya diski, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza suali ambalo mimi ningeliliweka mbele ya yote: mashine hii itakapokufa, nawe uko Wete, utafanya nini jioni hiyo? Kila mashine hufa. Kwa anayeanza, na hasa anayeanza akiwa kisiwani ambako kipuri kisicho cha kawaida hungojewa boti, mashine inayofaa ni ile unayoweza kuifungua kwa bisibisi moja, ukaitoa diski, ukaitia katika kompyuta nyengine ya kawaida, na mambo yakaendelea. Nguvu inakuja nyuma kabisa, kwa sababu kazi ulizonitajia haziihitaji. Darsa iliyorekodiwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inahitaji kilobaiti 16 tu kila sekunde. Ndugu watano wakisikiliza darsa tano tofauti kwa wakati mmoja hawafikii hata kilobaiti 100, na kompyuta ya ofisi ya miaka kumi iliyopita haitahisi kama imebebeshwa kitu.

Nianze na seva ya hoteli, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu kununuliwa. Hukunitajia jina lake, lakini mashine za sifa hizo zinazouzwa baada ya kustaafishwa mara nyingi huwa ni za kizazi cha Dell PowerEdge R710, iliyotoka 2009, au R720 ya 2012, au wenzao wa HP. Ni mashine imara kweli, ila zilijengwa kukaa katika chumba cha peke yake chenye kiyoyozi usiku na mchana, na feni zake ndogo huzunguka kwa kasi na kelele ambazo hutazistahamilia ukumbini. Ikiwa imekaa tu bila ya kazi, mashine ya prosesa mbili na diski sita hula baina ya wati 100 na 200. Tuchukue 150: kwa siku ni yuniti 3.6, na kwa mwezi wa siku thelathini ni yuniti 108. Zidisha kwa bei unayonunulia yuniti, kisha zidisha kwa miezi kumi na miwili, utaona kwamba ile laki tatu na nusu ni kiingilio tu. Joto lote la wati hizo, wakati wa kaskazi, litabaki ndani ya nyumba yako.

Hata ungekuwa na umeme wa bure, bado ningekuzuia kwa ajili ya diski zake. Seva za namna hiyo mara nyingi hutumia diski za SAS, zenye kiunganishi cha seva, ambazo kwa macho zinafanana na za SATA, zile za kompyuta za kawaida, lakini haziingii katika soketi ya SATA ya kompyuta ya kawaida. Diski ya SATA inaweza kuingia kwenye seva ya SAS, ila kinyume chake haiwezekani. Tena diski hizo huwa zimeunganishwa na kadi maalumu ya RAID inayogawa data vipande vipande baina yao, kwa hivyo kadi ikiungua, diski zote sita zinaweza kuwa nzima kabisa na usisome hata picha moja mpaka upate kadi ya jamii ile ile. Nani anayo Pemba? Mwambie kijana asiudhike. Jicho lake la kutafuta bei nitalihitaji hapa chini.

Raspberry Pi naipenda, na shemegi hakukosea kuhusu umeme. Lakini watu hutaja bei ya ubao mtupu, na ubao mtupu haufanyi kazi peke yake. Raspberry Pi 5, iliyotoka 2023, inataka adapta yake ya volti 5 na ampea 5, na chaja nyingi za simu hazitoi kiasi hicho kwa volti hizo. Ukiilazimisha kwa chaja ya kuokoteza, itakuonyesha onyo la umeme mdogo na kuzima ghafla diski ya USB inapoanza kuvuta. Unahitaji pia kasha, kipoza joto, na namna ya kuunganisha SSD, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka, kwa sababu kadi ya memori inayowekewa mfumo wake haikukusudiwa kuandikwa usiku na mchana, na umeme ukikatika katikati ya kuandika unaweza kukuta asubuhi mfumo mzima hauwaki. Ukishajumlisha vyote hivyo unakuwa umefika kwenye bei ya kompyuta kamili iliyotumika, na ubao wenyewe ukiungua hakuna kipande cha kubadilisha: unanunua mwengine. Kwa mwenye kutaka kujifunza vifaa vya elektroniki ningempa Pi bila ya kusita. Wewe unataka darsa zisikike.

Kisanduku cha mwenye duka, kwa mfano vile vya Synology vyenye nafasi mbili, ndicho rahisi kuliko vyote kukianzisha, na kama ungelikuwa na fedha zaidi na huna hamu ya kujifunza chochote ningekwambia kichukue. Tatizo ni kwamba bei inayotajwa dukani aghalabu ni ya kisanduku kitupu, diski ni mbali. Na hoja yake ya usalama haijakaa sawa. Diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile kwa wakati mmoja zinakulinda na jambo moja tu, nalo ni diski moja kufa yenyewe. Mtoto akifuta folda ya darsa, imefutika kwenye zote mbili papo hapo. Umeme ukirudi kwa kishindo, zote mbili zimo ndani ya kasha moja na zinakula waya mmoja. Mwizi naye hachukui nusu. Nakala ya akiba ni ile iliyochomolewa na kuwekwa kwengine.

Kompyuta mpakato yako isikae bure. Iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI badala ya kile kioo kilichovunjika, tia Debian, mfumo wa bure wa jamii ya Linux unaokaa badala ya Windows, na ujizoeze nayo wakati mashine nyengine inatafutwa. Utaharibu, utafuta, utaanza upya, na hakuna kitakachopotea. Siipendekezi kuwa seva ya kudumu kwa sababu ya betri: betri ya lithiamu iliyozeeka ikikaa kwenye chaji kamili miezi yote katika joto letu huvimba, na ikivimba huinua kibodi na inaweza hata kushika moto. Igeuze uitazame kwa chini. Ukiona kifuniko kimetuna, itoe betri leo na uiendeshe kwa chaja peke yake.

Ninachokushauri ununue ni kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, katika jamii tatu hizi: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk au ProDesk Mini, na Lenovo ThinkCentre Tiny. Zote zina upana wa sentimita 18 hivi na unene wa sentimita tatu na nusu, hazina kelele, na zikiwa na SSD hula kiasi cha wati 12 au pungufu zinapokuwa hazina kazi kubwa. Kwa wati 12 hesabu yetu ya mwezi inashuka kutoka yuniti 108 hadi karibu 9. Nazo sasa zimejaa sokoni kwa sababu inayojulikana: Microsoft ilisitisha marekebisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa taratibu zake rasmi haizipokei prosesa nyingi za Intel za kizazi cha sita na cha saba, kwa hivyo ofisi nyingi duniani zinazitoa mashine nzima kabisa. Debian haijali jambo hilo hata kidogo.

Kwa prosesa, mwambie kijana asishuke chini ya kizazi cha saba, yaani mfano wa Core i5-7500T, na akipata i5-8500T yenye viini sita kwa tofauti ndogo aichukue. Katika mifano hii tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, na herufi T ya mwisho inaashiria prosesa iliyopangiwa wati 35. Kizazi cha saba nakitaja kwa ajili ya video: simu nyingi siku hizi hurekodi kwa HEVC, mtindo wa kubana video, na kuanzia kizazi hicho prosesa za Intel zenye michoro ya ndani huzifungua video hizo, hata za biti kumi, kwa sehemu yake maalumu bila ya kujichosha. Programu kama Jellyfin, utakayotumia kuonyesha video kwenye simu na televisheni, hulitumia jambo hilo. RAM ya gigabaiti 8 inakutosha kwa Jellyfin, kugawana mafaili, na Kolibri, ambayo ni programu ya masomo inayofanya kazi bila ya intaneti na itakayowafaa watoto wa barazani. Ukitaka kuongeza baadaye, kipande chake cha DDR4 ni kile kile cha kompyuta mpakato za miaka hiyo. Mashine mpya ndogo zenye prosesa ya Intel N100 nazo ni nzuri na hazili umeme, lakini zinakuja na majina mengi yasiyojulikana, na bodi zake hutofautiana kila toleo. Ya Dell au Lenovo ikifa utapata nyengine ya modeli ile ile ukaihamishia diski na ikawaka.

Kijana anapokwenda dukani Darajani au Mlandege, huko Unguja, asikubali kuonyeshwa mashine iliyofungwa kwenye karatasi. Iwashwe mbele yake, imeunganishwa na kioo na kibodi. Inapoanza kuwaka abonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa Lenovo, ili aingie kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya msingi ya mashine. Kama inadai neno la siri na muuzaji halijui, aiache hapo hapo, maana utakuwa umenunua kitu ambacho mpangilio wake huwezi kuubadilisha. Akiingia, asome jina la prosesa na kiasi cha RAM kama vinalingana na alichoambiwa, kisha aangalie saa: ikiwa inaonyesha mwaka wa zamani, ile betri ndogo ya CR2032 ndani imekwisha, jambo dogo tu la kununua betri mpya, lakini ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe. Atafute pia mpangilio wa nini kifanyike baada ya umeme kukatika. Dell huuita "AC Recovery", HP na Lenovo huuita "After Power Loss". Auweke mashine iwake yenyewe umeme ukirudi, vyenginevyo utakuwa unapigiwa simu skuli kwamba darsa hazifunguki, na wewe ndiye mwenye ufunguo wa chumba.

Adapta asiisahau, na iwe ya asili. Mashine hizi hazina pawasaplai ndani, hutumia chaja ya nje kama ya kompyuta mpakato. Dell ina pini nyembamba katikati ya plagi inayoitambulisha adapta na wati zake. Ukitia ya kuiga isiyotambulika, mashine hutoa onyo kila inapowaka na kujipunguza kasi, halafu watu husema ni prosesa imechoka. Aisome pia karatasi ya adapta: ikiandikwa volti 100 hadi 240, itavumilia taa zinapofifia kuliko wewe unavyodhani.

Diski ndiyo usinunue iliyotumika. Ndani ya mashine ya namna hii aghalabu mna nafasi moja ya M.2, ya SSD nyembamba inayochomekwa kwenye bodi, na nafasi moja ya diski ya SATA ya inchi 2.5. Ile SSD ndogo inayokuja na mashine iachie mfumo, na data uitilie SSD mpya ya SATA ya terabaiti moja, ambayo kwa gigabaiti zako 400 inakupa nafasi ya miaka kadhaa. Tahadhari na diski na flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa terabaiti mbili au nne: nyengine zimechezewa ili zidanganye ukubwa wake, hukubali kuandikwa mpaka mwisho, lakini kilichoandikwa baada ya gigabaiti chache za mwanzo hakipo. Programu ya H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux, huijaza diski na kuisoma tena ili kuthibitisha, na inafaa kuifanya kazi hiyo kabla ya risiti haijapotea.

Diski mpya ya nje uliyohamishia, ile tuliyoanza nayo, ndiyo itakuwa nakala ya akiba. Iunganishe mara moja kwa wiki, nakili vilivyoongezeka, ichomoe, ifungie kwenye kabati. Iumbize kwa exFAT ili kompyuta yoyote iisome, lakini ifanye kazi hiyo ikiwa bado tupu, kabla ya kuhamishia chochote, kwani kuumbiza hufuta vyote vilivyomo. Kwa upande wa darsa ningeongeza nakala ya tatu nje ya nyumba: saa moja ya MP3 ya kilobiti 128 ni megabaiti 58 hivi, kwa hivyo flashi ya gigabaiti 64 inabeba zaidi ya saa elfu moja, na mmoja wa ndugu zako akiwa Chake Chake au Unguja anaweza kuiweka kwake. Flashi haiaminiki kwa miaka mingi ikikaa tu, basi iandikwe upya kila mnapokutana Sikukuu.

Kuhusu umeme, tangu 2010 Pemba inaletewa umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na wanaokumbuka siku za majenereta ya Wesha wanaijua tofauti yake. Lakini kufifia na kukatika kwa ghafla hakujaondoka, na seva inayowaka usiku kucha itakutana nako. Tafuta UPS, yaani kisanduku cha betri kinachoshika kazi umeme ukikatika, ya 650 VA yenye kirekebisha volti ndani yake, kinachoitwa AVR. Ndani yake kawaida mna betri ya volti 12 na ampea-saa 7 hivi, ambayo kwa mashine ya wati 12 na ruta yako itakupa zaidi ya saa moja ikiwa mpya. Kwa seva ya hoteli ingelikupa dakika chache za kukimbilia kuzima. Wahusika wawili tu ndio wachomekwe humo, mashine na ruta. Televisheni na friji zikae kwenye soketi zake. Chagua yenye waya wa USB wa kuzungumza na kompyuta, ili betri ikikaribia kwisha mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu. Betri hiyo hudumu miaka mitatu au minne, pungufu yake kwenye joto, na uzuri wake ni kwamba ukubwa huo hutumika pia kwenye vifaa vyengine vingi, kwa hivyo hutahangaika kuipata.

Mashine iweke ndani, juu ya meza au rafu, mbali na dirisha linalotazama bahari na mbali na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika. Hewa ya chumvi hula vichwa vya nyaya kwanza, utaona ukijani kwenye plagi kabla ya kuona kitu kwenye bodi. Usiifungie kabatini kwa kuikimbiza vumbi, kwani mashine inayowaka daima hujikausha yenyewe, lakini inahitaji hewa. Moshi wa jiko la mkaa nao uwe mbali. Na ifungue mara moja kwa mwaka uipulizie feni. Usishangae ukikuta sisimizi wamehamia, wanapenda joto.

Kwenye mtandao sina mengi. Iunganishe seva na ruta kwa waya, si kwa Wi-Fi. Ruta nyingi za laini ya simu zina soketi ya megabiti 100, ambayo kwa vitendo ni megabaiti 11 hivi kwa sekunde, na kwa mwendo huo gigabaiti 400 zitachukua saa kumi. Kwa hivyo data ya mara ya kwanza itie kwa kuchomeka diski ya nje moja kwa moja kwenye mashine. Ndugu walio mbali watazifikia darsa kupitia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyenu kwa njia ya faragha ndani ya intaneti, inayofanya kazi hata kwenye laini ya simu isiyo na anwani yake ya wazi, ila kumbuka kwamba kila saa moja wanayosikiliza inakula megabaiti 58 kwenye bando lao na nyengine 58 kwenye lako. Video wasubiri wakija nyumbani.

Laki tisa zikibana, usigawe kila kitu nusu nusu. Diski mpya ya nje inunuliwe kwanza, hata wiki hii, kabla ya jambo jengine lolote. Ifuate mashine pamoja na adapta yake, kisha SSD ya data, na UPS iwe ya mwisho, ikibidi kwa mshahara wa mwezi ujao. Mpaka hapo ipatikane, izime mashine usiku na wakati wa radi, uichomoe ukutani pamoja na waya wa ruta. Kijana akishapata mashine, aniandikie modeli yake na alichokiona kwenye BIOS kabla ya kulipa, nitamjibu.